Usimpe mume ngumi

Swali: Mwalimu, habari za Kisumu? Mimi nafundisha shule ya msingi hapa Nakuru, na kwa miaka michache sasa naandika hadithi fupi. Nimekutumia moja inayonihangaisha. Adhiambo aliimba na kundi la ohangla, ngoma ya Kiluo, huko Kisumu hadi akafika miaka 23, akaolewa na karani wa ghala la nafaka, wakahamia Nakuru. Sasa ana miaka 45 na watoto wanne. Kundi lile linakuja kupiga arusini mtaani kwake, naye anasikiliza, analia, anajuta. Wenzangu tunaosomeana kazi wanasema hadithi haishiki kwa sababu mume ni mtu mzuri, kwa hiyo msomaji haoni mama huyu anajutia nini. Wananishauri nimfanye mlevi, au awe anampiga. Mimi sitaki, lakini sina la kuwajibu. Halafu kuna jambo jingine: mama yangu aliwahi kuimba kabla ya kuolewa. Naogopa ataisoma. Nifanyeje?

Jibu: Dadangu, mswada wako nimeusoma mara mbili, mara ya kwanza kwenye foleni ya benki, mara ya pili usiku nikiwa na kalamu. Nianze na jibu lenyewe usije ukalisubiri hadi chini. Usimpe mume ngumi. Usimpe chupa wala mpango wa kando. Mwache alivyo, karani mpole anayerudi jioni na vumbi la mahindi kwenye kola, halafu tutafute mahali hadithi ilipochomoka.

Mume akishainua mkono, msomaji anajua la kuhisi kabla hujamaliza ukurasa wa pili, na kuanzia hapo hadithi ni ya kipigo. Uimbaji unabaki kuwa kumbukumbu ya siku njema, kama siku njema nyingine yoyote. Jaribu mwenyewe. Mtie mume ulevi kama walivyokushauri, kisha Adhiambo awe muuza omena badala ya mwimbaji, uone kama kuna sentensi itakayobadilika. Haipo. Nyumba za vipigo tunazijua hadi rangi ya milango yake, na hadithi zake ziandikwe. Wewe ulianza kuandika nyingine: mwanamke aliacha sanaa bila kulazimishwa na mtu, akapata ndoa isiyo mbaya, na bado kuna kitu kinamla ndani kwa ndani. Hiyo ni ngumu zaidi, na nadhani ugumu huo ndio wenzako wanaoukimbia.

Hata hivyo wasikilize. Mgonjwa akisema tumbo linamuuma, linamuuma kweli, ijapokuwa dawa anayoitaja siyo. Hadithi haishiki, ni kweli. Inaponyoka ukurasa wa sita, pale Adhiambo anapofuta machozi na kusema, "Nimepoteza maisha yangu." Aliyeweza kulisema hilo kwa sauti, tena kwa sentensi iliyonyooka hivyo, hajaacha kitu cha msomaji kutafuta. Tena siamini kwamba angelisema. Majuto ni mjukuu, tunasema, na tunaiacha methali hapo. Mimi huwa naifikiria zaidi kidogo. Mjukuu huja nyumba ikiwa imeshajaa watu. Humkuta bibi amechoka, akampakata, akamzoea, akamtafutia pa kulala. Majuto ya Adhiambo yana miaka 22 nyumbani humo. Yanajua kikombe chao kilipo. Hayawezi kulia kama ya jana.

Kuna hadithi fupi ya Mmarekani Willa Cather, "A Wagner Matinée", ya mwaka 1904. Itafute uisome kabla hujaugusa tena mswada. Kikombe kimoja cha chai kinatosha. Georgiana alikuwa mwalimu wa muziki katika chuo cha muziki cha Boston. Akiwa na miaka 30 alipendana na kijana wa miaka 21, Howard Carpenter, asiye na kazi wala mali, akatoroka naye ndugu zake wakinuna. Wakaenda kuchukua shamba mbugani Nebraska, maili 50 kutoka reli. Hawakuwa na mpima ardhi. Walifunga kitambaa chekundu kwenye gurudumu la gari la farasi, wakawa wanahesabu kinavyozunguka ili wajue shamba linaishia wapi. Wakaishi kwenye nyumba iliyochimbwa ubavuni mwa kilima. Kwa miaka 30 Georgiana hakuwahi kutoka nje ya zile maili 50. Kisha ndugu mmoja akafa akamwachia urithi mdogo, ikabidi aende Boston kuushughulikia. Huko mpwa wake, Clark, ambaye aliishi nao utotoni, anampeleka kusikiliza okestra ikipiga muziki wa Wagner, mtunzi Mjerumani wa opera.

Ona sasa mume yuko wapi. Barua yake ndiyo inayofungua hadithi, akimwomba Clark ampokee mkewe stesheni. Basi. Si mkatili, wala hadithi haimsingizii. Na Georgiana mwenyewe haongei sana. Kabla ya kwenda ukumbini, hapo Boston alipowahi kufundisha, kinachomsumbua ni ndama dhaifu aliyemwacha nyumbani bila kumwagiza mtu amnyweshe vipi maziwa, na chombo cha samaki kilichokwisha funguliwa ambao wataharibika wasipoliwa mapema. Mimi nilipofika hapo mara ya kwanza nilicheka. Kisha nikaacha kucheka. Miaka 30 imeandikwa kwa ndama mmoja na samaki wa chumvi. Cather hakuhitaji kutuambia kwamba shamba limemla Georgiana. Ametuonyesha kwamba hata mlango wa alichokikosa ulipofunguka, sehemu ya akili yake ilikuwa zizini.

Halafu muziki unaanza, na vidole vyake vinaanza kujongea juu ya gauni lake jeusi, vyenyewe, kana kwamba vinaitafuta piano. Mikono hiyo imekuwa ikikamua, ikifua na kukanda unga tangu enzi hizo, na Cather hafichi jinsi ilivyopinda. Machozi yanakuja baadaye kabisa, kwenye wimbo ambao aliwahi kuusikia shambani ukiimbwa na kijana mmoja Mjerumani, mchunga ng'ombe. Yanapokuja, mwandishi ameshayalipia. Wewe umeyatoa kwa mkopo, dadangu.

Kwa hiyo kazi ya kwanza niliyokupangia ni kufuta machozi yote ya ukurasa wa sita na kumrudishia Adhiambo mambo yake ya siku hiyo. Yuko arusini, kundi linafunga spika, na yeye amekumbuka nini? Umeandika ukurasa wa kwanza kwamba ameanika mahindi kwenye turubai nyuma ya nyumba. Vizuri sana, ila ukayaacha huko. Wingu likitanda upande wa Menengai wakati ngoma inaanza, nani atayaanua? Mpe huo mgogoro. Mwanamke anayetaka kubaki kusikiliza na anayetaka kukimbilia mahindi yake ni mmoja, na hahitaji kutueleza chochote.

Sasa nije kwenye redio, maana hapo nilisimamisha kalamu.

Ukurasa wa nne umeandika: "Mumewe alimnunulia redio ya kaseti ili awe anasikiliza nyimbo za kwao." Sentensi moja, kisha umekimbilia kwa watoto na karo. Mwalimu mwenzangu, hadithi yako ndiyo hiyo, na umeipita kama matatu inayopita stejini ikiwa imejaa! Yule mume wa Georgiana naye alimnunulia mkewe kinanda kidogo cha nyumbani. Kilikuja baada ya miaka 15, na katika miaka hiyo yote chombo pekee cha muziki alichokiona ni kodiani ya kibarua mmoja kutoka Norwei. Kilichelewa, lakini angalau kilikuwa na vibonye vya kubonyeza. Redio ina kitufe cha kuongeza sauti tu. Mume wa Adhiambo amempa mpishi harufu ya chakula.

Na amempa kwa mapenzi, ndipo panapouma. Yeye anaamini mkewe amekosa kusikia nyimbo. Hajawahi kusimama chini ya hema saa saba za usiku, watu 300 wakiwa wamenyamaza wakisubiri neno moja litoke mdomoni mwake. Hajui kwamba kuimba ni kusikilizwa. Atajuaje? Kazi yake ni kuhesabu magunia, na anaihesabu vizuri. Kati ya wawili hawa hakuna uovu, kuna shimo tu ambalo mmoja halioni na mwingine amechoka kulionyesha. Mwonyeshe akiifungua ile redio kwenye boksi, akiifuta kwa kitambaa chake cha mfukoni, akiitegea betri, akimkalisha mkewe kwenye kiti kizuri, kisha akimtazama usoni asubiri tabasamu. Adhiambo anatabasamu. Mpe mwandiko wa kurasa mbili nzima hapo. Tabasamu lile ni kazi ya jukwaani pia, anajua kulishika hadi wimbo uishe.

Kisha niulize, kaseti ni ya nani? Hukusema. Karani hajui makundi, ameingia dukani akaomba ohangla, akapewa. Itakuwaje kama ni kundi lake mwenyewe, wamerekodi yeye akiwa ameshaondoka, na sehemu yake inaimbwa na msichana mwingine? Sikulazimishi. Inawezekana ni kubana mno, na mimi nina udhaifu wa kupenda visa vinavyofungana. Lakini fikiria akisikia mahali ambapo yeye angevuta pumzi, yule msichana anapita moja kwa moja. Na vibaya zaidi, anapita vizuri.

Hapo tunafika kwenye tatizo ambalo wenzako hawakuligusa kabisa, na kwangu ni kubwa kuliko la mume. Kwa nini aliacha? Ukurasa wa pili unasema, "Alimpenda, akaacha kuimba." Umeamini hivyo mwenyewe? Mapenzi yapo, sikatai. Lakini binti wa miaka 23 aliyekuwa akitunzwa noti jukwaani haachi kwa sababu moja. Pengine koo lilikuwa limeanza kukwaruza kwa moshi na usiku. Pengine mkuu wa kundi aligawa pesa kwa namna yake. Pengine kulikuwa na wanaume waliodhani wakitunza wimbo wamenunua na mwimbaji. Pengine mama yake alimwambia neno moja kwenye matanga fulani, mbele ya watu.

Kuna riwaya ya George Eliot, "Daniel Deronda", ya mwaka 1876, ndefu kama safari ya Busia, na ndani yake kuna mwanamke ambaye ningependa umjue. Alikuwa mwimbaji mkubwa wa opera, akiitwa Alcharisi. Mtoto wake wa kiume alimtoa alelewe na wengine, ili asizuiwe kuimba. Kisha yeye huyo huyo akaacha kuimba akaolewa na bwana mkubwa wa Urusi. Miaka mingi baadaye, akiwa mgonjwa, anamwita mwanawe na kumweleza kilichotokea. Alijifanya kwamba anataka kuwa mke wa mtu mkubwa kuliko kuwa mwimbaji bora wa Ulaya. Ukweli ni kwamba sauti ilikuwa imeanza kumtoka, akawa anaimba nje ya ufunguo, na hakuweza kustahimili kuonekana akishuka. Ndoa ikawa mahali pa kujificha. Alipokwisha kuolewa, sauti ikarudi. Lilikuwa jambo la kupita tu, kama homa. Akajuta, na wakati ulikuwa umekwisha.

Nimeisoma sehemu hiyo mara nyingi na bado inanitisha. Majuto yake hayamgusi mume hata kidogo, yule bwana hana habari kwamba aliolewa kama mtu anavyoingia chini ya baraza mvua ikinyesha. Hamtuhumu yeye. Ana jambo na nafsi yake, kwamba aliogopa kitu ambacho hakikuwepo. Linganisha na Georgiana. Yule alikwenda kwa mapenzi, akiwa na macho mawili wazi, akalipa bei ambayo hakuijua. Hayo ni majuto mawili tofauti kabisa, na hayawezi kuandikwa kwa machozi ya aina moja. Ya Georgiana yana huzuni. Ya Alcharisi yana aibu, na mwenye aibu haongei, hata na dada yake.

Sikuchagulii. Ila wewe lazima ujue, hata kama Adhiambo hajui na msomaji hataambiwa. Ukijua kwamba usiku mmoja sauti yake ilikatika katikati ya wimbo na mwezi uliofuata akakubali posa, basi siku kundi litakapokuja Nakuru hatakwenda kusimama mbele. Atasimama nyuma ya sufuria za pilau. Ukijua kwamba aliondoka sauti ikiwa kamili, atakwenda mbele, na mtu atamkumbuka, na hilo nalo lina balaa yake. Mwili wa mhusika hauwezi kutembea kama mwandishi hajui alitokea wapi.

Nikupe kitu nilichokiona mwenyewe, maana mifano ya Boston na Ulaya inaweza kutuchosha. Nilikulia upande wa Vihiga. Kanisani kwetu kulikuwa na mama mmoja ambaye shuleni alikuwa akiongoza sauti ya kwanza, na kwaya yao ilifika tamasha la muziki la kitaifa. Alipoolewa hakuimba tena, hata kwaya ya akina mama hakujiunga. Tuliambiwa ana maringo. Mimi nilikaa karibu na mlango, kwa hiyo niliona jambo ambalo wengine hawakuliona. Kwaya yetu ilikuwa na tabia ya kuteremka ufunguo kwenye ubeti wa pili. Wakianza juu, wakifika katikati wamelegea wote pamoja kama turubai lililokatika kamba. Kila walipoanza kuteremka, mama yule aliinuka polepole, akasema anakwenda kumwangalia mtoto, akatoka akasimama chini ya mwembe hadi wimbo uishe. Mtoto mwenyewe alikuwa darasa la sita, amekaa benchi la mbele na wenzake.

Sijawahi kumsikia akilalamika. Alikuwa na duka, mume mcheshi, na kicheko kilichosikika hadi barabarani. Lakini sikio lake halikuolewa. Nakupa hilo bure, lifanyie kazi. Watu wengi wanaoandika habari za wasanii walioacha huwapa hamu na ndoto. Mimi naona kinachobaki kwa muda mrefu zaidi ni ufundi, na ufundi ukikosa kazi hugeuka kuwa kero. Aliyekuwa fundi hawezi kuvumilia kazi mbovu. Adhiambo angeonekana mkali kwa watoto wanapoimba ovyo wakiosha vyombo, nao wasijue ukali huo unatoka wapi. Mume angesema, "Waache, wanafurahi tu." Na angekuwa sahihi.

Tena unayo ohangla, usiiache ikawa pambo. Muziki wa Kiluo una pakruok. Msikilizaji anasimamisha wimbo katikati, anajisifu au anawasifu rafiki zake, anatoa pesa, ndipo wimbo unaendelea. Mwimbaji mzuri anajua kusimama papo hapo, akabaki na neno mdomoni, uso ukiwa mtulivu, hadi noti zitoke. Adhiambo alifanya hivyo kwa miaka kadhaa. Sasa mpeleke jikoni kwake Nakuru. Anasimulia jambo, mume anamkata aulize kama funguo za stoo ameziona. Adhiambo anasimama. Anabaki na neno mdomoni, uso mtulivu, kiganja kimefunguka kidogo. Halafu hakuna anayetoa kitu, na hadithi yake haiendelei. Mume hajafanya kosa lolote. Kila mume na kila mke hukatiza. Lakini sisi tuliousoma ukurasa wa kwanza tutakiona kile kiganja.

Jina nalo. Jukwaani lazima alikuwa na jina, na Nakuru yeye ni Mama Otieno. Hilo lipite kwa sentensi moja tu, waandishi wengi wameshalikamua.

Kuna jambo la kupinga yote niliyosema, na si haki nikufiche. Si kila aliyeolewa aliacha. Mwana Kupona wa Pate, mke wa Bwana Mataka wa Siyu, alimtungia binti yake utendi wa kumfundisha namna ya kumtii na kumpendeza mume, karibu mwaka 1858, akiwa mgonjwa. Watu wamebishana na mafundisho yale tangu hapo, na mimi ni mmoja wao. Lakini vina vinakaa, mizani inakaa, na mkono wa fundi unaonekana kila ubeti. Mwanamke aliyekuwa akimwambia binti yake awe mke alikuwa wakati huo huo akifanya kazi ya mshairi, na hakuomba ruhusa ya mtu kwa sababu aliivika nguo ya wajibu. Hata Georgiana alimfundisha Clark kupiga skeli kwenye kile kinanda, huku mwenyewe akishughulika na kazi za nyumbani. Kwa hiyo uliza Adhiambo ameificha wapi. Katika kuliwaza watoto? Katika namna anavyoita majina ya wateja? Ila usiipate mapema mno ukaifanya faraja. Georgiana huyo huyo alimwonya kijana asiupende muziki sana, usije ukachukuliwa kwake. Mwalimu anayefundisha hivyo hajafarijika.

Kuhusu mama yako. Unayoyaogopa yalimfika Cather. Alikulia Nebraska, na hadithi ilipotoka watu wa kwao walikasirika, jamaa zake pia, wakaona amewaaibisha na kumchora mtu wanayemjua akiwa ameparara na kupinda. Katika matoleo ya baadaye alimpunguzia Georgiana ule ubaya wa sura. Mimi nadhani alifanya vizuri, na si kwa ajili ya ndugu tu. Toleo la kwanza lilikuwa linamwonea Georgiana, linamfanya kituko kabla hajaketi kitini ukumbini. Hasira za jamaa zilimsaidia kuona alipotia chumvi.

Usijidanganye kwamba ukibadilisha jina na mji utakuwa umemficha. Mtu hujulikana kwa namna anavyofunga leso. Wala sikushauri umwombe mama ruhusa, maana ruhusa inamweka mahali pabaya: akikataa amekuzuia, akikubali amejitoa sadaka, na kama ni mama wa kwetu atakubali. Mwulize swali dogo tu. Mwulize walikuwa wakifungua na wimbo gani, usiku wa kwanza wa sherehe. Usichukue kalamu. Tazama anachofanya kwa mikono akikujibu, na kama atakujibu akikuangalia au akiangalia sufuria. Inawezekana akacheka akakwambia hajutii hata kidogo, alichoshwa na kukesha, na baba yako alimwokoa. Hilo nalo liamini. Litakuwa limekupa mhusika mwingine, na Adhiambo atabaki wako peke yako, bila deni la mtu.

Pia, kama mama yumo ndani, kwa nini usimwachie binti asimulie? Cather alimpa Clark kazi hiyo, na Clark anakisia. Anamtazama Georgiana pembeni na hajui anachosikia. Kuna mahali Georgiana anamwuliza Clark kwa upole kama amekuwa akiusikia muziki huu wakati wote tangu alipomwacha. Kijana anajua kwamba amelaumiwa. Sisi tunajua zaidi yake. Binti wa Adhiambo akiwa na miaka 16, mkorofi kidogo, anayeona haya mama yake asije akacheza mbele ya wanafunzi wenzake, atatuonyesha mengi kwa kutokuelewa.

Mwisho wa hadithi yako sasa unamrudisha Adhiambo nyumbani, anampikia mumewe, wanalala. Ukurasa mzima wa kurudi. Ukate. Cather anamwacha Georgiana akiwa bado ameketi, wapigaji wameshatoka na vyombo vyao, anasema hataki kuondoka. Nje ya mlango wa ukumbi, Clark anajua, kuna lile dimbwi jeusi, nyumba ndefu isiyopakwa rangi, vitambaa vya vyombo vikikauka kwenye miche iliyopinda, na mabata mzinga yanayonyonyoka yakidonoa mabaki mlangoni pa jikoni. Boston haipo tena. Hatuhitaji kumwona akipanda treni.

Wewe unayo mahindi nyuma ya nyumba na redio ya kaseti sebuleni. Ukitaka pa kuanzia wiki hii, anza na betri. Kaseti betri zikipungua huvuta, wimbo unateremka ufunguo taratibu, na asiye na sikio hajui hadi izime kabisa. Mume haoni tofauti. Adhiambo anaijua kuanzia ubeti wa kwanza. Duka liko hapo kona, betri si ghali. Niandikie unitumie ukurasa huo peke yake: nani anakwenda kununua, na baada ya siku ngapi?